Motisha kwa Ajili ya Nani? Uhakiki wa Nadharia za Ari ya Kujifunza

Mwezi Januari mwaka 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania lilitangaza matokeo ya kidato cha nne bila ya kutaja shule kumi bora wala wanafunzi kumi bora, kinyume cha desturi iliyokuwa imezoeleka kwa miaka mingi. Sababu iliyotolewa ilikuwa fupi: kutaja orodha hizo hakuna tija, na kwa sehemu kubwa ni kuzitangazia shule biashara. Papo hapo mabishano yalizuka. Wengine walifurahi. Wengine walilalamika kwamba kufuta orodha ni kuua ari ya wanafunzi na walimu, maana mtoto asiyeshindana hasomi, na mwalimu asiyesifiwa hafundishi.

Hatukusudii kuyarudia mabishano hayo. Tunakusudia kulichunguza neno ambalo pande zote mbili zililitumia kana kwamba maana yake inajulikana, nalo ni motisha. Kada anayekwenda kuzungumza na kamati ya shule, na mwanafunzi wa chuo cha ualimu anayekariri majina ya wanasaikolojia kwa ajili ya mtihani, wote wamepewa neno hili likiwa limekwisha kupikwa. Hawakuambiwa lilipikwa na nani, wala kwa haja gani. Nadharia ya motisha, kama nadharia nyingine yoyote inayohusu watu, haielei hewani. Ndani yake mna jibu la swali hili: nani anamtaka nani afanye nini, na kwa faida ya nani? Swali hilo ndilo litakalokuwa mizani yetu katika uhakiki huu, na hatuna budi kujipima nayo sisi wenyewe pia.

Paka, njiwa na njaa ya kutengenezwa

Mwaka 1898 Mmarekani Edward Thorndike alichapisha majaribio yake juu ya wanyama. Alimfungia paka mwenye njaa ndani ya kizimba, akaweka chakula nje. Paka alihangaika, akaparura huku na huku, mpaka kwa bahati akagusa komeo lililofungua mlango. Kila aliporudishwa kizimbani muda wa kuhangaika ulipungua. Thorndike akatoa kanuni yake: tendo linalofuatwa na matokeo ya kuridhisha huelekea kurudiwa. B. F. Skinner, naye Mmarekani, aliiendeleza kazi ya namna hiyo kwa panya na njiwa, na katika miaka ya 1950 akaileta darasani kwa njia ya mashine za kufundishia. Somo lilikatwa vipande vidogo vidogo, mwanafunzi akajibu, na mara moja akajulishwa kama amepata au amekosa.

Tusiwe watu wa kukataa kila jambo kwa sababu ya kule lilikotoka. Mwalimu anayekaa na madaftari wiki tatu bila ya kuyasahihisha anaua ari, na Skinner alikuwa na haki ya kudai mwanafunzi ajulishwe mapema. Alikuwa na haki pia alipopinga adhabu, akisema kwamba adhabu humfundisha mtu kuikwepa adhabu. Hoja hiyo bado inafaa isomwe kwa sauti katika ofisi za walimu ambako fimbo huegemezwa ukutani karibu na ratiba.

Lakini tazameni jinsi jaribio lenyewe linavyoandaliwa. Punje ya nafaka haina nguvu juu ya njiwa aliyeshiba. Kwa hiyo kabla ya kazi kuanza njiwa hunyimwa chakula, kwa kawaida mpaka uzito wake ushuke hadi kiasi cha asilimia 80 ya uzito alionao anapokula apendavyo. Ndipo punje inapogeuka kuwa motisha. Jambo hili huandikwa katika vitabu kama maelezo ya kiufundi tu, lakini kwetu sisi ndilo kiini. Zawadi haipati nguvu mpaka kwanza pawepo njaa, na katika maabara njaa hiyo hutengenezwa na yule yule anayegawa punje. Paka haulizwi amefikaje kizimbani. Nadharia nzima inaanza baada ya mlango kufungwa.

Sasa tutoke maabara turudi nyumbani. Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alieleza kwamba ni watoto wapatao asilimia 13 tu ya wanaomaliza shule ya msingi waliokuwa wanapata nafasi ya sekondari, na kwamba wengi waliobaki walitoka wakijiona wameshindwa. Mwanafunzi wa wakati ule alisoma kwa bidii, tena bidii kubwa. Bidii hiyo ilizaliwa na uhaba. Nafasi zilikuwa chache, na kila mtoto alimwona jirani yake wa dawati kuwa ndiye kizuizi. Anayeiita hali hiyo hamu ya elimu anachanganya njaa ya njiwa na utamu wa nafaka. Dalili yake ilionekana baada ya mtihani: aliyechaguliwa alikipenda cheo kilichomngoja, na aliyeachwa alikitupa kitabu, kwa kuwa kitabu kilikuwa tiketi ya basi lililokwisha ondoka.

Ngazi ya Maslow na hadithi za McClelland

Nadharia ya pili, inayopendwa sana katika semina za uongozi, ni ile ya Abraham Maslow ya mwaka 1943. Yeye alisema mahitaji ya binadamu yamepangika kama ngazi. Chini kabisa yapo ya mwili, kama chakula na usingizi, kisha usalama, kisha kupendwa na kuwa mmoja wa wenzake, kisha heshima, na juu kabisa kutimiza vipaji alivyo navyo. Maslow mwenyewe alikiri kwamba mpangilio huo si sheria isiyopinda, na ile piramidi inayochorwa ubaoni ilichorwa na watu wengine baada yake. Wafuasi wake ndio walioigeuza kuwa amri: mwenye njaa kwanza ashibe, ndipo aulizwe habari za elimu, utu na uongozi.

Upo ukweli hapa ambao kada hapaswi kuudharau. Mtoto aliyetembea alfajiri umbali mrefu bila ya kutia kitu tumboni hawezi kusikiliza hesabu saa tano asubuhi. Kikombe cha uji shuleni kina nguvu kuliko hotuba kumi za kumhimiza. Lakini kutoka hapo hadi kusema kwamba maskini hana haja ya heshima mpaka ashibe ni kuruka mto mpana mno. Historia yetu inakataa. Wakulima waliohudhuria kisomo cha watu wazima katika miaka ya 1970 walifika jioni wakitoka shambani, wala hakuna aliyekuwa ameshiba kwa kipimo cha mtaalamu. Walitaka kuisoma wenyewe barua ya mtoto aliye mbali, na kuandika jina lao mahali palipozoea kupigwa dole gumba. Kwao heshima haikungoja zamu yake katika ngazi. Walijua kwamba asiyeheshimiwa hupunjwa, na anayepunjwa hashibi.

Mwenzake katika kundi hili ni David McClelland, aliyetoa mwaka 1961 kitabu chake maarufu juu ya jamii zenye hamu ya mafanikio. McClelland alichambua hadithi zilizomo katika vitabu vya kusomea vya watoto wa nchi mbalimbali, vya miaka ya karibu na 1925 na 1950, akihesabu dalili za hamu hiyo. Akadai kwamba mahali hadithi zilipoonyesha hamu kubwa, uchumi ulikua haraka zaidi. Kutokana na imani hiyo, katikati ya miaka ya 1960 yalifanyika mafunzo kwa wafanyabiashara wa mji wa Kakinada nchini India ili watiwe hamu hiyo.

Hapa mizani yetu inaonyesha upungufu mkubwa. Mwaka 1925 Tanganyika ilikuwa chini ya Waingereza. Vitabu vya watoto wake viliandikwa kwa matakwa ya serikali ya kikoloni na misheni. Nchi isiyo na mamlaka juu ya shule zake, ardhi yake na bei ya mazao yake haiwezi kupimwa moyo kwa hadithi ilizoandikiwa na wengine. Wala si kweli kwamba wanyonge walikosa hamu ya mafanikio. Wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walikosa mizani ya haki. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 walijiunga katika vyama vyao, wakaweka wapimaji wao wenyewe wa kuangalia uzito wa pamba mahali pa kununulia, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaunda Victoria Federation of Co-operative Unions. Hapo kuijua tarakimu iliyo juu ya mizani kulikuwa silaha. Hamu hiyo haikuwa ya mtu mmoja kuwapita majirani zake, bali ya majirani kutokupunjwa pamoja. Katika hesabu ya McClelland, hamu ya namna hii ilikuwa ngumu kuonekana.

Zawadi inayoharibu

Katika miaka ya 1970, ndani ya saikolojia ya Marekani yenyewe, walitokea watafiti waliotilia shaka kanuni ya zawadi. Mwaka 1971 Edward Deci alieleza jaribio lake na wanafunzi wa chuo kikuu waliopewa mafumbo ya kuunganisha vipande. Baadhi yao walilipwa dola moja kwa kila fumbo walilolifumbua. Malipo yalipokoma, hamu yao ya kuyachezea mafumbo wakati wa mapumziko ilipungua kuliko ya wale ambao hawakulipwa kamwe. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walieleza jaribio lingine, la watoto wadogo waliopenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi moja liliahidiwa cheti kizuri chenye utepe likichora. Kundi la pili lilipewa cheti kwa kushtukizwa. La tatu halikupewa kitu. Baada ya wiki moja hadi mbili kalamu zilipowekwa tena mezani, watoto walioahidiwa cheti walichora kwa kiasi cha nusu tu ya muda waliotumia wenzao. Kuchora kulikuwa mchezo, na ahadi ilikuwa imekugeuza kibarua.

Kutokana na kazi hiyo Deci na mwenzake Richard Ryan walijenga nadharia waliyoichapisha kitabuni mwaka 1985. Wanasema binadamu hujifunza kwa moyo anapoona kwamba anajiamulia, anaweza, na ana uhusiano mwema na wenzake. Tunakiri kwamba nadharia hii inaikaribia kweli kuliko zile zilizotangulia. Imemtoa mwanafunzi kizimbani. Hata hivyo, inavyotumiwa katika shule nyingi, inaishia katika hisia. Mwalimu huambiwa amfanye mtoto ajione anachagua. Suala la kama kweli kuna kitu cha kuchagua, nani amepanga somo, na mtoto atakifanyia nini alichojifunza, huachwa nje ya mlango. Kujiona huru na kuwa na madaraka ni mambo mawili, na mtu anaweza kupewa la kwanza ili asidai la pili.

Mwanasaikolojia wa Kisovieti A. N. Leontiev alitoa mfano mwepesi ambao kila mwanafunzi ataujua. Kijana anasoma kitabu akijiandaa kwa mtihani. Rafiki yake anamjia na kumwambia kwamba kitabu hicho hakimo katika mtihani. Je, atakifunga? Akikifunga mara moja, basi sababu iliyomsukuma ilikuwa mtihani. Akiendelea kukisoma, au akakiacha kwa majuto, basi yaliyomo kitabuni yalikuwa yamekwisha kumshika. Leontiev alitofautisha sababu ambazo mtu anazielewa tu na sababu zinazomsukuma kwa kweli. Alionyesha pia kwamba za kwanza zinaweza kugeuka kuwa za pili, tendo linapomletea mtu matokeo makubwa kuliko aliyoyatafuta. Mtoto aliyeanza kusoma kwa sababu ameamriwa anaweza kuendelea kwa sababu amegundua kwamba sasa anasomea ukoo mzima magazeti. Ari, kwa maana hii, haitiwi ndani ya mtu kama mafuta katika kibatari. Hukua ndani ya kazi, kadiri kazi yenyewe inavyombadilisha mtu na nafasi yake kati ya wenzake.

Malipo kwa matokeo

Watawala nao wana nadharia zao za motisha, hata wasipoziandika. Mwaka 1862 Uingereza ilianza utaratibu ulioongozwa na Robert Lowe: ruzuku ya shule ilipimwa kwa watoto kuhudhuria na kufaulu kusoma, kuandika na kuhesabu mbele ya mkaguzi. Kilichofuata kilielezwa na wakaguzi wenyewe, akiwamo Matthew Arnold, aliyelalamika kwamba ufundishaji ulikuwa wa kimashine. Watoto walikariri kitabu cha kusomea mpaka wakaweza kukisema bila ya kukitazama. Utaratibu huo ulitupwa katika miaka ya 1890. Walioathirika walikuwa watoto wa wafanyakazi. Matajiri hawakuwapeleka watoto wao katika shule hizo.

Miaka mia moja na hamsini baadaye sisi tulijaribu jambo la ukoo huo huo. Mwaka 2013, katika mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, shule zilipangwa hadharani kwa kufuata matokeo ya mitihani. Uchunguzi uliofanywa baadaye ulionyesha mambo mawili kwa pamoja. Shule zilizokuwa mkiani katika wilaya zao zilipandisha matokeo ya darasa la saba. Lakini shule pia ziliwaacha nje ya darasa la saba baadhi ya wanafunzi, ili wastani usishuke. Hakuna aliyeagiza hivyo. Mwalimu mkuu aliambiwa atafute nafasi ya juu, naye aliitafuta. Mtoto dhaifu, ambaye ndiye aliyehitaji shule kuliko wote, akageuka kuwa hasara.

Hapa ndugu wengine watatuuliza: je, mmekataa kabisa malipo kwa mwalimu? Hapana, na ushahidi hauturuhusu. Mwaka 2013 na 2014 yalifanyika majaribio katika shule 350 za msingi nchini. Shule zilizopewa fedha za vifaa peke yake hazikuonyesha mabadiliko katika alama za watoto. Ambako walimu waliahidiwa bonasi peke yake matokeo yalichanganyika. Ambako vyote viwili vilikwenda pamoja watoto walipanda waziwazi. Somo tunalolipata ni kwamba bonasi haiwezi kukaa mahali pa vitabu, na vitabu havijifundishi. Mwalimu ni mfanyakazi. Kumlipa vizuri na kwa wakati ni haki yake. Kosa linaanza pale haki ya mfanyakazi inapogeuzwa mashindano, na mashindano yakahesabiwa kuwa ndiyo ari ya mtoto.

Tujikosoe

Ingekuwa rahisi kuishia hapa, tukiwa tumewahukumu Thorndike na Lowe. Uhakiki wa namna hiyo hauna gharama, na kwa hiyo hauna faida. Sisi nasi tulikuwa na nadharia yetu, na ni lazima tuseme ilifanywa nini.

Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliandamana kuipinga Huduma ya Taifa ya lazima na makato ya mishahara yake. Zaidi ya 300 walirudishwa makwao, na Rais Nyerere akajipunguzia mshahara wake kwa asilimia 20. Tukio hilo lilionyesha kwamba elimu iliyosomwa kwa ahadi ya cheo huzaa mtu anayekuja kudai ahadi. Miezi michache baadaye, Machi 1967, ikaja Elimu ya Kujitegemea. Kiini chake kuhusu ari ya kujifunza kilikuwa wazi: elimu ya msingi iwe kamili kwa yule asiyeendelea mbele, shule iwe jumuiya inayozalisha, na wanafunzi washiriki katika kupanga kazi, kuamua matumizi ya mapato, na kujifunza kutokana na makosa yao. Novemba 1974 Azimio la Musoma liliongeza kwamba mtihani wa mwisho usiwe hakimu pekee. Kazi na tabia ya mwanafunzi navyo vipimwe.

Katika shule nyingi mambo yalikwendaje? Shamba la shule lilifunguliwa, lakini mpango wake uliletwa umeandikwa. Wanafunzi walilima, mavuno yalipouzwa hawakusomewa hesabu. Mtoto aliyechelewa paredi alipelekwa kulima, na aliyepata sifuri akapewa eneo la kufyeka. Hivyo kazi ya mikono, tuliyoisifu jukwaani kuwa ni utu, ilitumiwa kila siku kuwa adhabu. Mtoto ana akili. Kati ya maneno ya jukwaani na jembe alilopewa kwa kuchelewa, aliamini jembe. Na tabia njema ilipogeuzwa alama, wapo waliojifunza kuionyesha mbele ya mwalimu wa zamu, kama njiwa anavyojifunza kudonoa kitufe.

Wapo wanaohitimisha kutokana na hayo kwamba nadharia ilikuwa ya ndoto na kwamba binadamu hasukumwi ila na ubinafsi wake. Hawaoni kwamba sehemu iliyoachwa ndiyo iliyokuwa moyo wa nadharia. Jembe lilichukuliwa, madaraka yakaachwa. Jaribio ambalo halikufanywa haliwezi kusemwa kuwa limeshindwa.

Mahali liliposhika

Tena lipo eneo ambako lilifanywa, ingawa kwa kasoro. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wakati wa sensa ya 1967 takriban theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma na kuandika. Mtihani wa taifa wa mwaka 1975 ulionyesha kwamba idadi hiyo imeshuka hadi kiasi cha asilimia 39, na kufikia mwaka 1986 ilitajwa kuwa kiasi cha asilimia 10. Katika kisomo chenye manufaa, kilichojaribiwa kwanza Kanda ya Ziwa kwa msaada wa UNESCO, vitabu vilihusu pamba, migomba, uvuvi, mifugo na mambo ya nyumbani. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakutanisha watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio na kusoma pamoja juu ya malaria, kichocho na kuhara damu. Kikundi hakikumaliza somo kwa kujibu maswali. Kilimaliza kwa kukubaliana cha kufanya, na vyoo vikachimbwa, nyasi zikafyekwa, madimbwi yakafukiwa.

Hatusemi kila aliyehudhuria alikuja kwa moyo. Kuna mahali ambako watu walisukumwa kwa vitisho vya faini, na huko mahudhurio yalijaa kwenye daftari kuliko darasani. Lakini ambako kampeni ilishika, tunaona mambo matatu kwa pamoja: kilichosomwa kiligusa kazi ya msomaji, kikundi kiliamua jambo, na matokeo yalionekana kwa macho kabla ya msimu kwisha. Hakuna aliyetangazwa kuwa wa kwanza kitaifa kwa kuchimba choo.

Na anguko lake linatufundisha vivyo hivyo. Sensa ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba kiasi cha asilimia 22 ya watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi hawakujua kusoma na kuandika. Njia za kupima hazikuwa zile zile, kwa hiyo tusizilinganishe tarakimu hizi kama vipimo vya mzani mmoja. Hata hivyo hakuna anayeweza kusema tulisonga mbele. Matatizo ya uchumi ya miaka ya 1980 yalipunguza karatasi, vitabu na magazeti ya vijijini. Madarasa yakakosa mafuta ya taa na walimu wa kujitolea wakakosa posho yao ndogo. Mtu aliyejua kusoma akabaki bila ya kitu cha kusoma, na mkutano wa kijiji ukarudi kuwa mahali pa kusikiliza. Ari haikufa kwanza. Kilichokufa kwanza ni matumizi, ari ikafuata.

Kazi ya kada

Tumeona basi kwamba kila nadharia tuliyoipima ina punje ya kweli, na kila moja inapotoka pale inapomtenga mwanafunzi na uhusiano alio nao na wengine: na anayegawa nafasi, na anayepanga bei, na anayeshika funguo za ghala la shule. Ari ya kujifunza ni dalili. Inaonyesha kama maarifa yanampa mtu nguvu juu ya maisha yake pamoja na wenzake, au yanampa nafasi ya kuwapanda wenzake tu.

Kufutwa kwa orodha za kumi bora, basi, ni jambo jema lakini dogo. Ukiondoa mashindano bila ya kuweka kitu mahali pake, uhaba utayarudisha kwa mlango mwingine, nao ni tuisheni kwa mwenye fedha na kukata tamaa kwa asiye nazo. Kada aliye katika kamati ya shule ana kazi inayoonekana. Ahakikishe hesabu za shamba la shule zinasomwa mbele ya wanafunzi waliolilima. Ahakikishe jembe haligeuzwi kiboko. Akipata habari kwamba mtoto dhaifu ameshauriwa asifanye mtihani, asimame upande wa mtoto. Aulize kijiji kina kitu gani cha kusomwa baada ya shule, na kama mbao za matangazo zimebandikwa mapato na matumizi ya kijiji au vumbi tupu.

Na wanafunzi wa vyuo, mnaosoma majina haya kwa ajili ya mtihani, tunawaachieni jaribio la Leontiev mlifanye juu yenu wenyewe. Mkiambiwa leo kwamba motisha haimo katika mtihani wa mwaka huu, nani kati yenu atakifunga kitabu? Kisha mlipeleke swali hilo katika darasa la kwanza mtakalopewa kufundisha, kabla ya kuagiza fimbo na kabla ya kununua vyeti.